Kiporo cha kibodi: programu ya C inaporuka swali, inapoganda au inapozunguka bila kukoma

Chukua programu ndogo ya kupokea karafuu kituoni Zanzibar, ya aina ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huimaliza kwa saa moja. Inauliza mambo matano tu: magunia, jina la mkulima, shehia (yaani mtaa au kijiji chake), uzito, na kama taarifa zihifadhiwe.

```c
#include <stdio.h>

int main(void)
{
    int magunia;
    double kilo;
    char jina[40], shehia[30], jibu;

    printf("Magunia mangapi? ");
    scanf("%d", &magunia);
    printf("Jina la mkulima: ");
    fgets(jina, sizeof jina, stdin);
    printf("Shehia: ");
    scanf("%s", shehia);
    printf("Uzito kwa kilo: ");
    scanf("%lf", &kilo);
    printf("Ihifadhiwe? (n/h) ");
    scanf("%c", &jibu);

    if (jibu == 'n')
        printf("Imehifadhiwa.\n");
    else
        printf("Haikuhifadhiwa.\n");
    return 0;
}
```

Kompaila inaipitisha. Karani anakaa, anaandika 3, anabonyeza Enter, na kioo kinamwonyesha hivi:

```
Magunia mangapi? 3
Jina la mkulima: Shehia: Mtambwe Kusini
Uzito kwa kilo: Ihifadhiwe? (n/h) Haikuhifadhiwa.
```

Maswali matano, majibu mawili. Jina halikusubiriwa, uzito haukusubiriwa, na programu imejijibu yenyewe kwamba isihifadhi. Wengi hapa hukimbilia kubandika `fflush(stdin)` kila baada ya mstari na kuomba Mungu. Kabla ya hapo, fuata baiti moja moja uone nani kaacha nini.

Kilichotokea ndani

Unapoandika kwenye terminali, programu haioni herufi yoyote mpaka ubonyeze Enter. Ndiyo maana unaweza kufuta ulichokosea bila programu kujua. Ukibonyeza Enter, mstari mzima unapelekwa pamoja na alama ya mstari mpya, `\n`, na maktaba ya C inauweka kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda, ya `stdin`, mlango wa kuingizia maandishi. Kwenye Linux unaweza kuliona hilo kwa macho: endesha `strace -e trace=read ./karafuu`, andika 3, na utapata `read(0, "3\n", 1024) = 2`. Baiti mbili: 51, ambayo ni tarakimu 3, na 10, ambayo ni Enter.

`%d` imeambiwa ichukue nambari. Imechukua 51 na kuiacha 10 palepale. Haikukosea kitu. Kisha `fgets`, ambayo kazi yake ni kusoma mpaka `\n`, inakuja na kuikuta `\n` imeshakaa mlangoni. Inaichukua, inarudi, na jina la mkulima linakuwa mstari mtupu.

Karani sasa yuko kwenye shehia, ingawa macho yake bado yanatafuta pa kuandika jina. Anaandika Mtambwe Kusini. `%s` husimama kwenye nafasi, kwa hiyo inachukua Mtambwe na kuacha nafasi, Kusini na `\n`. `%lf` inaruka nafasi, inaikuta K, inaona hiyo si nambari, inairudisha na kushindwa kimyakimya. Kigeu `kilo` kinabaki na takataka iliyokuwamo kwenye kumbukumbu tangu mwanzo. Mwisho `%c` inachukua herufi iliyo mbele yake, yaani K. K si n, basi haikuhifadhiwa.

Hicho ndicho kiporo, au mwiku kwa lugha ya wazee: chakula cha swali la jana kinacholiwa na swali la leo. Na cha kushika ni kwamba kiporo si uchafu wa kompyuta. Ni maneno ya mtumiaji ambayo hukuyapangia mahali. Ukiyamwaga bila kuyaangalia umeficha kosa tu.

Chungulia kabla ya kutibu

Dalili za kiporo hufanana, sababu ni mbalimbali. Weka fanksheni hii kwa muda, baada ya kila `scanf` unayoishuku:

```c
static void chungulia(const char *wapi)
{
    int c;
    fprintf(stderr, "[%s]", wapi);
    while ((c = getchar()) != '\n' && c != EOF)
        fprintf(stderr, " %d", c);
    fprintf(stderr, c == EOF ? " EOF\n" : " 10\n");
}
```

Ukiita `chungulia("magunia")` utaona `[magunia] 10`. Ukiita baada ya shehia utaona `[shehia] 32 75 117 115 105 110 105 10`, yaani nafasi, Kusini na Enter. Ukiona 13 (`\r`) kabla ya 10, faili lako limetoka Windows. Ukiona nambari zinazozidi 127, kuna alama isiyo ya ASCII, orodha ya herufi za kawaida za Kiingereza. Na kama programu imesimama ikisubiri wewe uandike, basi hapakuwa na kiporo, na tatizo lako liko kwengine. Jihadhari: fanksheni hii inakula inachokionyesha, kwa hiyo programu inaweza "kupona" ukiwa umeiweka na kuugua tena ukiitoa. Usiiache humo ukadhani ndiyo dawa.

Swali la maandishi linarukwa baada ya swali la nambari

Ndiyo dalili ya kila siku, na sababu yake umeshaiona. Ni vyema kujua nani anaruka nafasi na nani haruki. `%d`, `%i`, `%u`, `%f`, `%lf` na `%s` huruka nafasi, tab na `\n` zote zilizotangulia. `%c` na `%[` haziruki. `getchar` na `fgets` hazichagui, zinakula kinachokuja. Kwa hiyo programu yenye `%d` peke yake inaweza kwenda muhula mzima bila tatizo, kila `\n` ikirukwa na `%d` inayofuata, kisha ikaharibika siku uliyoongeza jina. Mtu analaumu mstari alioongeza, kumbe kosa ni la mstari uliokuwapo siku zote.

Tiba ya haraka ni kumaliza mstari baada ya kuchukua nambari:

```c
int c;
while ((c = getchar()) != '\n' && c != EOF)
    ;
```

`c` lazima iwe `int`. Ukiiandika `char`, kwenye Linux ya prosesa za ARM kama Raspberry Pi, ambako `char` haina hasi, thamani ya `EOF`, alama ya maandishi kuisha, haitalingana nayo kamwe na kitanzi hakitatoka maandishi yakiisha. Kwenye kompyuta ya kawaida ya Intel kosa hilo hilo linajificha, mpaka ije baiti 255 ambayo itadhaniwa ni mwisho wa maandishi.

Wapo wanaotumia `scanf("%d%*c", &magunia)` ili kumeza herufi moja inayofuata. Inafanya kazi kwa karani msafi. Akiandika 3 na nafasi kabla ya Enter, ambayo kwenye kibodi ya simu hutokea kila mara, inamezwa nafasi na `\n` inabaki. Wengine huandika `scanf("%*[^\n]%*c")`. Hii ina mtego mzuri wa kuwaonyesha wanafunzi: kama kinachofuata ni `\n` moja kwa moja, `%[^\n]` haipati hata herufi moja, inahesabiwa imeshindwa, na `scanf` inaishia hapo bila kufika kwenye `%*c`. Yaani inashindwa katika hali ile ile ambayo ni ya kawaida kuliko zote. Ukitaka mtindo huo, zigawe ziwe `scanf` mbili.

Ndiyo au hapana inajijibu yenyewe

Weka nafasi moja kabla ya `%c`: `scanf(" %c", &jibu)`. Nafasi ndani ya fomati (maandishi unayoipa `scanf` kati ya alama za nukuu) maana yake "ruka nafasi zote zilizopo, hata kama hakuna". Lakini hilo linatibu `\n` tu, halimzuii Kusini. Na mtumiaji akijibu "ndiyo" kwa ukamilifu, `%c` inachukua n na kuacha "diyo" kwa swali linalofuata.

Programu inasubiri jibu la pili

Karani anaandika 3, Enter, kimya. Enter tena, kimya. Anaandika jina kwa hasira, na ghafla maswali mawili yanatokea pamoja. Angalia fomati: kuna mtu ameandika `scanf("%d\n", &magunia)` akidhani `\n` ndiyo Enter. `\n` ndani ya fomati ya `scanf` ni sawa na nafasi: itaruka nafasi zote mpaka ipate herufi isiyo nafasi, na herufi hiyo haipo mpaka mtumiaji aandike jibu la swali asiloliona bado. Iondoe.

Sababu ya pili ya kimya ni usafi uliopitiliza. Kitanzi cha kumaliza mstari kikiwekwa baada ya `fgets`, ambayo imeshaichukua `\n` yake, kinasubiri mstari mwengine kabisa. Usafishe mara moja, na pale tu palipobaki kitu.

Na wakati mwengine si kiporo hata kidogo. `printf("Shehia: ")` haina `\n` mwishoni, na kwenye baadhi ya vihariri swali linakaa kwenye bafa ya kutokea bila kuonekana. Hapo `fflush(stdout)` ni halali na ndiyo dawa.

Kioo kinajaa maneno yale yale, hakikomi

Mtumiaji ameandika "magunia 3" badala ya 3. Mtu mwenye adabu hujibu sentensi, si tarakimu. `%d` inaikuta m, inashindwa, inaiacha m palepale. Kitanzi chako kinasema "umekosea, jaribu tena", kinarudi kwa `%d`, ambayo inaikuta m ile ile. Haitasogea hata baiti moja, maana hakuna anayeila.

Kila `scanf` hurudisha idadi ya vitu ilivyofanikiwa kujaza. Ikiwa 1 uliyoitaka haikuja, usiguse kigeu hicho. Maliza mstari ndipo uulize upya. Ikirudisha `EOF`, usiulize tena, ondoka. Ubuntu ukikompaili kwa `-O2`, `gcc` hulalamika kwamba thamani ya `scanf` imepuuzwa. Watu huizima onyo hiyo ili kioo kiwe safi, na hiyo ndiyo onyo pekee iliyokuwa inajaribu kuwaokoa.

Nambari imekatika

Hapa ndipo hasara ya kweli ilipo, kwa sababu programu haigandi wala hairuki kwa namna ya kushtua. Inakupa jibu, na jibu si lenyewe.

Muulize mtu wa hapa bei, ataandika 15,000/= kama anavyoandika kwenye risiti. `%d` inachukua 15. Inayobaki ni `,000/=` na `\n`. Kama swali linalofuata ni la nambari, litashindwa kwa sababu ya koma; kama ni la jina kwa `fgets`, mkulima atasajiliwa kwa jina la ",000/=". Lakini kama hilo lilikuwa swali la mwisho, hakuna kitakacholia. Shilingi elfu kumi na tano zimekuwa kumi na tano.

Vivyo hivyo 47.5 kwa `%d` inakuwa 47, na `.5` inasubiri. Ikifuata `%lf`, inaipokea `.5` kwa furaha kama jibu la swali lake. Hakuna kilichoshindwa, thamani zinazorudishwa zote ni 1, na umepokea nusu kilo ambayo hakuna aliyeipima.

Tarehe ina mtego wake. Ukitumia `%i` badala ya `%d`, nambari inayoanza na 0 husomwa kwa msingi wa nane. Mwezi wa 07 unapita salama. Mwezi wa 08 unakatika: inasoma 0, inaikuta 8 ambayo haimo katika msingi wa nane, inaiacha. Ndiyo maana kuna programu zinazofanya kazi mpaka mwisho wa Julai na kufa tarehe mosi Agosti. Tumia `%d`, au `strtol` yenye msingi 10 ulioandikwa wazi. Msingi 0 una ugonjwa ule ule. Nambari ya simu usiisome kama nambari hata siku moja. `%d` inapoteza 0 ya mwanzo, `%i` inaifanya 0777 kuwa 511, na ukianza na 255 nambari inaizidi `int` ya biti 32, na hapo kanuni za C hazikuahidi chochote. Simu ni maandishi.

Jina refu linamwagikia swali linalofuata

`fgets(jina, 40, stdin)` inachukua herufi 39 kwa upeo, ya 40 ni ya `\0`, alama ya kufungia maandishi. Jina la mtu, la baba na la babu, pamoja na "Bi" au "Sheikh" mbele, linaweza kulivuka hilo. Linalozidi linabaki na kuwa shehia. Alama ya kuangalia ni moja: kama kwenye `jina` hakuna `\n`, mstari haukuisha. Kuhusu `%s` isiyo na kipimo, herufi za ziada hazibaki popote. Zinaandikwa nje ya safu, juu ya vigeu vingine. Ndiyo sababu `gets`, yenye tabia hiyo hiyo, iliondolewa katika C11. Ukiiona kwenye noti za skuli, funga ukurasa.

Kwangu inafanya kazi, kwenye Linux haifanyi

`fflush(stdin)`. Kanuni za C zinaifafanua `fflush` kwa ajili ya kutoa maandishi, si kuyapokea. Maktaba ya zamani ya Microsoft ilikuwa inamwaga kiporo ukiiita hivyo, na noti nyingi zinazozunguka kwenye vikundi vya wanafunzi zimerithiwa kutoka zama hizo. Tangu Visual Studio 2015 hata wao hawafanyi hivyo. Kwenye Linux kiporo kinabaki palepale. `rewind(stdin)` iache pia.

Kuna kitu kinachofanana na `fflush` hiyo lakini ni halali kwa kazi yake: `tcflush(STDIN_FILENO, TCIFLUSH)` kutoka `<termios.h>`. Hii inamwaga mistari iliyoandikwa mapema ambayo bado iko kwa mfumo endeshi, haijafika kwenye bafa ya `stdin`. Mtu akibonyeza Enter mara nne kwa kuwa kioo kimechelewa, mistari hiyo inasubiri kwenye foleni. Kabla ya swali la hatari kama "Ufute rekodi zote za leo?", kuimwaga foleni hiyo ni busara. Isitumike kwa `\n` ya `%d`. Hiyo imeshavuka upande wa pili na `tcflush` haiioni.

Jang'ombe

Andika Jang'ombe kwa kibodi ya kompyuta: kila herufi ni baiti moja. Libandike kutoka kwenye ujumbe wa simu, na mara nyingi ile alama ya ' imebadilishwa kuwa ile iliyopinda, ’, ambayo katika UTF-8, mpango wa kuandika alama za lugha zote kwa baiti, ni baiti tatu: 226, 128, 153. Herufi tisa zimekuwa baiti kumi na moja. Safu uliyoipima kwa kuhesabu herufi inafurika, na ukisoma kwa `getchar` moja moja ukiruhusu herufi za A mpaka Z tu, ng' inavunjika katikati. Pia `isalpha(s[i])` inataka `(unsigned char)s[i]`, la sivyo baiti hizo zinaingia zikiwa hasi. Ng'ambo na Jang'ombe ni vipimo vizuri vya programu yoyote ya Zanzibar.

Soma mstari mzima, uchambue baadaye

Viraka vyote vya juu vinatibu jeraha moja moja. Ukiwa na programu ya zaidi ya maswali matatu, acha kuchanganya `scanf` na `fgets`. Kila swali lile mstari wake mzima, na uchambuzi ufanyike ndani ya safu yako, ambako kilichobaki unakiona na unaweza kukikataa.

```c
#include <errno.h>
#include <stdio.h>
#include <stdlib.h>
#include <string.h>

/* 1: sawa   0: mstari mrefu mno   -1: maandishi yameisha */
int soma_mstari(const char *swali, char *s, size_t ukubwa)
{
    int c, ziada = 0;

    printf("%s", swali);
    fflush(stdout);
    if (fgets(s, (int)ukubwa, stdin) == NULL)
        return -1;
    if (strchr(s, '\n') == NULL)
        while ((c = getchar()) != '\n' && c != EOF)
            ziada = 1;
    s[strcspn(s, "\r\n")] = '\0';
    return ziada ? 0 : 1;
}

int soma_kilo(const char *swali, double *kilo)
{
    char s[32], *mwisho;
    int r;

    for (;;) {
        r = soma_mstari(swali, s, sizeof s);
        if (r == -1)
            return -1;
        errno = 0;
        *kilo = strtod(s, &mwisho);
        if (r == 1 && mwisho != s && errno == 0
            && mwisho[strspn(mwisho, " \t")] == '\0'
            && *kilo > 0 && *kilo <= 1000)
            return 1;
        printf("Andika nambari tupu, mfano 47.5\n");
    }
}
```

Kitanzi cha kumaliza mstari kipo, lakini kinafanya kazi pale tu `\n` haikuonekana, kwa hiyo hakiwezi kuganda bure. `strcspn` inakata kwenye `\r` au `\n`, na hilo linamaliza faili za Windows. `mwisho` inaelekea kwenye herufi ya kwanza ambayo `strtod` haikuitaka: ikiwa sawa na `s`, hapakuwa na nambari, ikiwa baada yake kuna kitu kisicho nafasi, mtumiaji ameongeza neno. "47.5 kilo" inakataliwa. Ukiona ni ukali mno, ruhusu neno hilo kwa jina, usiruhusu kila kitu.

Sharti la `> 0 && <= 1000` usiligeuze likawa `if (*kilo <= 0 || *kilo > 1000)` ya kukataa. `strtod`, kama `%lf`, hukubali neno "nan" ("si nambari") kuwa thamani halali, na ukiuliza kama nan ni kubwa au ndogo kuliko chochote jibu ni hapana. Ukiuliza "je, imo ndani?" nan inatoka nje, ukiuliza "je, imo nje?" inapita.

Kwa magunia fanya hivyo hivyo kwa `strtol(s, &mwisho, 10)`. Kwa bei, ondoa koma ndani ya `s` kwanza, kisha kubali `mwisho` iwe tupu au `/=`. Usiipeleke hila hiyo ya kuondoa koma kwenye uzito. Mwenye kuandika 47,5 kwa mazoea ya mkono atakuwa ameleta kilo 475, na mizani haitakuwapo kumtetea.

Jaribu kwa mkono mchafu

Usijaribu programu kwa majibu mazuri peke yake. Badala ya kuandika kila mara, mimina maandishi kutoka kwenye amri:

```
printf '3\nFaki Kombo Hamad\nMtambwe Kusini\n47,5\n47.5\nn\n' | ./karafuu
printf '3\r\nFaki Kombo Hamad\r\nJang’ombe\r\n47.5\r\nn\r\n' | ./karafuu
printf 'magunia 3\n3 \n\n' | ./karafuu
printf '3\nFaki' | ./karafuu
```

Ya kwanza ilalamike mara moja tu, kwenye 47,5, kisha iendelee. Ya pili ipite bila kulalamika, na ukichapa jina kati ya mabano `[%s]` mabano ya kufunga yakae mahali pake. Yakirukia mwanzo wa mstari, `\r` bado imo. Ya tatu ikatae mara moja, ikubali 3 yenye nafasi, na iamue wazi kuhusu jina tupu. Ya nne inakatika katikati ya jina bila Enter, kama vile mtu aliyebonyeza Ctrl+D mara mbili, au kama tovuti za kukompaili kwa simu ambazo hukutaka uandike majibu yote mapema kwenye kisanduku kisha hukata. Programu ichukue Faki, iulize shehia, ione hakuna tena, na itoke. Ikianza kuchapa swali lile lile mpaka kioo kijae, tafuta kila mahali ulipoilinganisha thamani ya kurudi na 1 ukasahau kwamba -1 nayo si 1.